Kabla hujachapisha posta za MCA, soma hii kwanza

Simu ninazopigiwa siku hizi nyingi ni za vijana wanaotaka kusimama MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, 2027, na karibu wote swali lao la kwanza ni niwe na pesa ngapi. La pili ni chama gani. Kazi yenyewe ni ipi, hakuna anayeuliza. Kwa hivyo nimeona niandike mara moja wote wasome, manake mimi nilikaa ofisi ya wadi kama msaidizi wa mheshimiwa tangu kaunti zianze 2013 mpaka 2022, wadi ya mashambani huku bara ya Kilifi, mbali na lami, watu wa mahindi na mbuzi na makaa, na yale niliyoyaona pale singependa kijana mwenye nia nzuri aende kuyajua akiwa ameshaapishwa na madeni yamemkaba.

Nianze na lililo kubwa. Siasa ya MCA wa mashambani inaamuliwa na kalenda ya bajeti. Mikutano ina nafasi yake, fulana pia, lakini kuna tarehe chache kila mwaka ambazo ukizijua na ukazifanyia kazi wadi yako itaona maji na barabara, na usipozijua utakaa miaka 5 ukigawa mshahara wako mlangoni halafu watu hao hao waseme hukufanya kitu, na watakuwa wanasema kweli.

Wacha kwanza nieleze huko mlangoni. Mashambani mtu hamtafuti MCA ofisini, anamtafuta nyumbani, na anakuja mapema kabla mheshimiwa hajatoka. Alfajiri utakuta kibarazani mama ameshika barua ya fizi ya mtoto, imekunjwa kunjwa mpaka inachanika pale kwenye mkunjo, kuna mzee mwili wa nduguye uko mochari na bili inapanda kila siku, kuna kijana wa boda pikipiki yake imelala stesheni, kuna kikundi cha kina mama wana harambee ya mahema na viti. Wote hao wana shida ya kweli kabisa, hakuna aliyekuja kukusumbua. Lakini ukiziangalia hizo shida moja moja, sekondari iko chini ya serikali kuu, polisi serikali kuu, mahema ya kikundi hayako kwa sheria yoyote. Kazi ya MCA ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti ya kaunti, kuichunga serikali ya gavana, na kuwapeleka watu wa wadi yake mbele ya bunge la kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kifungu cha 9, imesema wazi kabisa kwamba MCA asijiingize kwenye utendaji wala asitoe huduma kama vile yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Wananchi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, na wagombea ndio wa kulaumiwa, manake jukwaani kila mtu anaahidi mpaka kituo cha polisi.

Sisi pale ofisini tuliweka daftari. Jina, kijiji, shida, na safu ya mwisho tuliandika inaenda wapi. Bili ya hospitali ya kaunti inaenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii pale pale hospitali, kuna utaratibu wa kuomba msamaha wa bili na watu wengi hawaujui kabisa. Fizi ilikuwa inaenda basari ya kaunti au NG-CDF, ule mfuko wa jimbo la mbunge, na tarehe za fomu tulikuwa tumezibandika mlangoni. Boda aende na stakabadhi zake na mtu mzima wa stage. Mtu akiondoka na barua mkononi na jina la ofisi ya kwenda, ameondoka na kitu kikubwa kuliko mia mbili ya soda. Si wote waliofurahi, wengine waliondoka wakinung'unika kwamba mheshimiwa ni mchoyo, lakini baada ya mwaka wawili utaona watu wanaanza kuja na maswali mazuri zaidi, yaani mtu anakuja anauliza basari inafungwa lini badala ya kuuliza mheshimiwa amelala wapi.

Sasa tarehe zenyewe, na hapa naomba usome polepole hata kama unasoma kwa simu.

Tarehe 1 Septemba serikali ya kaunti inatakiwa iwe imepeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Huo mpango unatoka kwenye ule mpango mkubwa wa miaka 5 unaoitwa CIDP, huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tarehe 28 Februari unakuja mkakati wa fedha, na hapa ndipo kila idara inawekewa kiwango chake cha juu, maji ngapi, afya ngapi, barabara ngapi. Tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanaletwa bungeni, na kufika 30 Juni lazima yawe yamepita. MCA wengi wapya wanaamka Mei. Wanaanza kupiga kelele bwawa langu liko wapi, barabara yangu iko wapi, na wakati huo viwango vilishafungwa Februari na sheria ya fedha za umma inasema bunge likiongeza mahali lazima lipunguze mahali pengine. Kwa hivyo ukitaka bwawa mwezi wa Mei unamnyang'anya MCA mwenzako zahanati yake, na yeye hatakubali, na wewe huna wa kukupigia kura kwenye kamati. Aliyeweka bwawa lake kwenye mpango wa Septemba, akalilinda Februari, huyo Mei yake ni ya kukagua tu kama bado lipo.

Na kukagua ni kukagua kweli, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu cha bajeti ni kinene, kimeandikwa Kiingereza cha wahasibu, na mara nyingi kinafika mezani kikiwa kimechelewa halafu mnaambiwa mpitishe upesi. Angalia mradi umeandikwaje. Ukiona "ujenzi wa madarasa ya chekechea, wadi mbalimbali" na pesa nyingi mbele yake, jua hapo hakuna kijiji chako, hapo kuna mfuko ambao wa mwisho kukaa na wakubwa ndiye atakayeuchota. Lazima mstari uwe na jina la kijiji. Kuna mwaka kijiji kimoja kwetu kiliambiwa kimepata bwawa la maji ya mvua, wazee wakapiga makofi, na mimi kitabu kilipotoka nikakaa nacho usiku na taa ya sola nikitafuta jina la kijiji na sikuliona, kulikuwa na jina la wadi tu na kiasi. Asubuhi mheshimiwa akaingia kwenye kamati na barua ya wazee yenye sahihi na muhtasari wa baraza, jina likaingizwa kabla kitabu hakijapita. Bwawa lile lilichimbwa. Mifugo inakunywa pale mpaka leo kiangazi kisipokuwa kikali sana. Bila lile jina lingechimbwa kwingine na kisheria isingekuwa wizi, ingekuwa ni kwingine tu ndani ya wadi hiyo hiyo, karibu na kwa mtu mwenye sauti.

Jambo lingine linaloniuma ni majengo. Mwananchi anapenda jengo, mwanasiasa anapenda jengo zaidi, kwa sababu jengo lina ufunguzi na utepe na picha. Nimeona zahanati imejengwa vizuri, mabati mekundu, tenki la maji liko, halafu ikakaa imefungwa, popo wakaingia darini, na akina mama wajawazito wanaendelea kupakiwa kwenye boda usiku kupelekwa mbali. Kwa nini? Jengo liko kwenye bajeti ya maendeleo, nesi yuko kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida, na hakuna aliyeuliza hiyo ya pili. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, na kanuni zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi mishahara imeshapita hapo, kwa hivyo nesi mpya ni vita kweli kweli kumpata. Kabla hujaomba zahanati mpya nenda idara ya afya ukaulize, ikiisha kujengwa nesi anatoka wapi, dawa zinaandikishwa kwa nani, stima ama sola. Ukikosa jibu ni afadhali uombe zile pesa ziongeze wodi ya uzazi kwenye zahanati ambayo tayari ina nesi wawili. Hilo halitakupa utepe lakini litaokoa mtu.

Kuhusu vikao vya kushirikisha umma. Vile vya kaunti vinakuja kwa haraka, tangazo linatoka leo kikao ni kesho kutwa, kinafanywa kwenye kituo kimoja cha wadi na watu wa vijiji vya mbali hawafiki, wanaofika ni wale wale wa kila siku ambao wamezoea nauli na soda. Usingoje hivyo. Fanya mabaraza yako mwenyewe Julai na Agosti, kijiji kwa kijiji, chini ya mwembe au penye kivuli chochote, uwaulize watu wachague kitu kimoja tu, usiwaambie waandike orodha ndefu kwa sababu orodha ndefu haina uzito. Andika muhtasari, watie sahihi, wasiojua kuandika waweke dole gumba, halafu peleka kwa idara ya mipango kabla ya Septemba na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Huo muhuri ni muhimu kuliko hotuba. Na waite kina mama mchana wakiwa wamemaliza shughuli za asubuhi, manake ukiita asubuhi watakuja wanaume peke yao na utaambiwa kipaumbele ni barabara, kumbe anayetembea saa mbili na mtungi kichwani hakuwepo kusema maji.

Wale wa Kilifi wanajua bunge letu liko Malindi wakati ofisi za gavana ziko Kilifi mjini. Kwa MCA wa Ganze au Kaloleni hiyo ni safari, na vikao vinakula katikati ya wiki karibu yote. Hapa ndipo wengi wanapotea. Anapanga nyumba Malindi kwa sababu ya vikao, kisha familia inamfuata, watoto wanahamia shule za mjini, na bila yeye kukusudia anaanza kuwa mgeni wa wadi yake. Mimi nasema panga chumba cha kulala tu, familia ibaki nyumbani. Ijumaa mpaka Jumatatu uonekane. Na matangani uende hata kama huna kitu mfukoni. Kwetu Wamijikenda mtu aliyekuja kwenye hanga, yaani kilio cha msiba, akakaa chini na wafiwa akala kile kilichopikwa anakumbukwa kuliko aliyetuma bahasha nene kwa kijana wa mkono. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu, wazee wanaulizana nani alikuja, hawaulizani nani alituma.

Na gavana je? Kuna MCA wa aina mbili ambao huwa hawafiki mbali, yule anayepinga kila kitu na yule anayekubali kila kitu. Wa kwanza hapati mradi, wa pili anapata ahadi. Bunge lina meno makali sana kisheria, lina uwezo hata wa kumpeleka gavana kwa Seneti aondolewe, Martin Wambora wa Embu ndiye alikuwa wa kwanza kupitia hayo 2014, na Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi wakatolewa 2020. Lakini meno hayo hutumii kila siku. Kazi ya kila siku ni maswali ya kamati, ni kuomba taarifa, ni kusoma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu ukaangalia kama kuna mradi wa wadi yako umelipwa na haupo. Uliza kwa upole na kwa maandishi. Msimamizi wa wadi ni mtu wa serikali ya kaunti, si mtu wako, msalimie, kunywa naye chai, lakini usimpe amri, na usikubali akuweke kwenye mambo ya kontrakta. MCA akishaanza kuwa na kampuni ya binamu inayochimba mabwawa ya wadi yake mwenyewe, siku hiyo hawezi tena kuuliza kwa nini bwawa halishiki maji.

Tukija kwa pesa, ambako ndiko mlikotaka nianzie. Nitasema machache. Usiuze shamba, usiweke hati ya ardhi ya familia rehani, hata kama wapambe wanakwambia umeshashinda. Mshahara wa MCA ukikatwa mkopo wa gari na wa nyumba na wa kampeni unabaki kidogo sana, na aliyebakiwa na kidogo ndiye rahisi kununuliwa kura yake bungeni. Februari 2021 MCA kote nchini walipokubaliwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2, wakati huo huo mswada wa BBI wa kubadilisha katiba ukiwa mbele yao, mabunge zaidi ya 40 yakaupitisha upesi upesi, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ikauzima. Sisemi kila aliyepiga kura ndiyo alikuwa na nia mbaya. Nasema wananchi vijijini waliunganisha yale mambo mawili, tukaulizwa kila baraza mpaka kampeni, na hakuna jibu lililowatosha.

Kama wewe ni mwalimu au mfanyakazi wa serikali, sheria ya uchaguzi inakutaka ujiuzulu miezi 6 kabla ya siku ya kura. Zungumza na mke wako au mume wako kuhusu hilo mapema, si wiki moja kabla, manake muhula ni miaka 5 na wengi hawarudi, na kurudi kwenye ajira hakuna aliyekuahidi. Jiulize utaishi vipi ukiwa na umri fulani na jina la "mheshimiwa" lakini bila kazi. Waliojipanga niliowaona waliendelea na shamba, na duka, na masomo ya jioni, hawakuacha chochote kilichokuwa kinawalisha kabla.

Chama, sawa. Huku pwani upepo una nguvu, 2022 tulikuwa na ODM, tukawa na PAA ya Amason Kingi aliyekuwa gavana wetu, tukawa na UDA, na kuna watu wazuri walianguka kwa sababu ya rangi ya shati. Mchujo wa chama unaweza kukutoa bila sababu. Ukitaka kusimama huru katiba inakuruhusu, lakini unahitaji sahihi za wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yako na uwe umetoka chamani angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, kwa hivyo ukingoja kuonewa kwenye mchujo ndio uanze kutafuta sahihi utakuta muda umekwisha. Amua mapema.

Dada zangu, kwenu nasema mkasimame kiti cha wadi chenyewe. Kati ya wadi 1,450 za nchi nzima, 2017 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa 96 tu, wengine wote waliingia kwa kuteuliwa. Kuteuliwa si kubaya, nimefanya kazi na wateule waliosoma bajeti kuliko wenye wadi, ila mteule hana kijiji cha kumtetea orodha ya chama ikibadilika. Utasemwa, na utasemwa vibaya, wataulizia ndoa yako na watoto wako wako na nani. Zunguka na kina mama wazee wenye heshima, wale ambao wakisimama barazani wanaume wananyamaza.

La mwisho ni siku yenyewe ya kura, ambayo katiba imeiweka Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hivyo 2027 ni tarehe 10. Kila kituo uwe na ajenti anayeweza kusoma na kukaa macho usiku mzima bila kulewa. Kura ya MCA inahesabiwa baada ya ile ya rais, usiku umeshakwenda, watu wamechoka, na hapo ndipo tarakimu zinateleza. Ajenti aangalie fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, inajazwa mbele yake, atie sahihi, apate nakala, aipige picha aitume kabla simu haijazima, na wewe uwe na mtu mmoja anayejumlisha pembeni ili fomu 36B ya wadi nzima ikitoka muilinganishe. Ukiona haziendani una siku 28 za kupeleka kesi, na ya MCA inasikizwa na mahakama ya hakimu, si mahakama kuu, hivyo gharama si ya kutisha kama wanavyosema. Na hao ajenti uwalipe nauli na chakula siku ile ile, tena kabla hawajaingia kituoni.